Bastola isiyoumiza mkono: jibu kwa mama wa Houston

Swali: "Mwanangu, mimi ni mtu wa Tanga, niko Houston mwaka wa 14 sasa, natunza wazee zamu ya usiku. Nina miaka 58 na baridi yabisi ya vidole. Mwezi uliopita jirani yetu alivunjiwa mlango usiku. Nikaenda duka la silaha, kijana wa kaunta akanipa rivolva ndogo, nyepesi, ya rangi ya waridi, akaniambia hiyo ndiyo ya kina mama. Niliipiga risasi tano tu, kiganja kikavimba siku tatu. Nikajaribu bastola nyingine, hata kuikoki nikashindwa. Nyumba ni ya kupanga, naishi na binti yangu na mjukuu wa miaka 6. Je, ipo bastola isiyo na teke kali, mtu kama mimi akaiweza?"

Shikamoo mama, na pole sana ya mkono.

Ipo. Tena zipo kadhaa, na nitakutajia kwa majina. Lakini kwanza tuliondoe lile uliloambiwa dukani, maana lisipotoka utarudi kununua kosa lile lile kwa rangi nyingine.

Rivolva ile, yaani bastola ya silinda inayozunguka, imekuumiza kwa sababu ni nyepesi, wala usiusingizie mkono wako. Zile zenye fremu ya aluminiamu huwa na gramu 400 na kitu. Risasi yake, .38 Special, ni ya tangu 1898, na kwa miaka mingi polisi wa Marekani waliitumia katika rivolva za chuma zinazokaribia kilo nzima. Baruti ikiwaka, msukumo unaoipeleka risasi mbele ndio huo huo unaoirudisha silaha nyuma. Silaha nzito inarudi taratibu, nyepesi inaruka. Kwa risasi ya aina ile ile, ukipunguza uzito wa silaha kuwa nusu, nguvu ya teke inakuwa karibu maradufu. Juu ya hapo, mpini wa rivolva ndogo ni mwembamba, kwa hiyo teke lote linatua mahali pamoja, kwenye shina la kidole gumba. Kwa mwenye baridi yabisi hapo ndipo penyewe. Nimeona mabondia wa miaka 25 wakiiweka mezani baada ya risasi kumi.

Wauzaji wengi hutazama mkono mdogo wakatoa silaha ndogo. Wangetazama teke, wangetoa kubwa kiasi. Silaha ndogo imetengenezwa ibebwe mfukoni kutwa nzima bila kuonekana, na wewe hubebi. Yako itakaa chumbani. Basi acha iwe na uzito, iwe na mpini unaojaza kiganja, na mtutu mrefu kidogo.

Na kuhusu kukoki, mama, yaani kuirudisha nyuma slaidi, kile kipande cha juu cha bastola, ili risasi iingie mtutuni. Wanafunzi wangu wengi wa kike wanafika wakiwa wameshaambiwa hawana nguvu. Ninapowatazama, karibu wote wanafanya kosa moja: wananyoosha mikono mbele ya uso, wanabana nyuma ya slaidi kwa ncha za kidole gumba na cha shahada, kisha wanavuta. Hapo vidole viwili peke yake ndivyo vinavyopambana na springi, na vidole vyako vinauma. Fanya hivi. Bastola iwe tupu, mtutu ukielekea kule kwenye shabaha, kidole kiko nje ya traiga, kile kifyatulio. Ilete karibu na kifua, viwiko viguse mbavu. Mkono wa kushoto uifunike slaidi kwa juu, vidole vinne vyote upande mmoja na tako la kiganja upande wa pili, mbali na mdomo wa mtutu. Kisha usivute slaidi. Ishikilie palepale, na mkono wa kulia usukume mpini mbele kwa nguvu ya bega. Mtu aliyekamua kifumbu cha tui maisha yake yote analijua jambo hili: nguvu haitoki vidoleni, inatoka mabegani na mgongoni. Slaidi ikifika mwisho, iachie ghafla, usiisindikize kurudi. Nina mwanafunzi mwenye miaka 71 ambaye alishindwa bastola nne asubuhi, na alipojua hili aliziweza tatu kati ya hizo kabla ya saa sita.

Springi nazo zinatofautiana. Bastola fupi sana ina slaidi nyepesi na nafasi ndogo ya kurudi nyuma, kwa hiyo mtengenezaji huweka springi ngumu. Ile ya ukubwa wa wastani mara nyingi ni rahisi zaidi kukoki kuliko mdogo wake wa kaliba ile ile, yaani aina ile ile ya risasi. Hapa tena udogo unamponza mtu.

Kuna mtego mwingine katika kaliba. Watu husema kaliba ndogo ina teke dogo, wakamshauri mama achukue .380 yoyote ile. Si hivyo. Bastola za .380 za mtindo wa zamani, kama Walther PPK, hazina kufuli ya mtutu. Kinachozuia slaidi isirudi mapema ni uzito wake na springi kali peke yake. Matokeo yake ni kukoki kwa shida na teke la kuchoma, mara nyingine kuliko 9mm nzuri ya kisasa. Ukitajiwa .380, uliza kama mtutu wake unafungamana na slaidi risasi inapotoka. Muuzaji anayeijua kazi yake ataelewa swali.

Sasa majina. Ya kwanza ningekuwekea mkononi Smith & Wesson M&P 380 Shield EZ, iliyotoka 2018. Uzito wake ni kama gramu 525, inabeba risasi 8 kwenye magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini), na ilibuniwa kwa mikono kama yako: slaidi yake inakwenda kwa urahisi kwa sababu nyundo iko ndani na springi ni laini, na magazini ina vitufe pembeni vya kushusha springi unapojaza risasi. Nyuma ya mpini kuna sefti, kizuizi cha usalama, inayobonyea ukiishika sawasawa. Usipoishika sawasawa hailii. Hilo la mwisho lijaribu kwa makini, maana baadhi ya wenye viganja vyembamba hawaibonyezi vizuri. Yupo ndugu yake wa 9mm, kama gramu 660, mzito zaidi, na uzito huo unameza sehemu ya teke la ziada. Ukinunua hiyo ya 9mm iliyotumika, itazame namba yake: zilizotengenezwa kati ya Machi na Oktoba 2020 kampuni iliziita zirudishwe kwa ajili ya kukagua nyundo.

Ya pili ni Ruger Security-380 ya 2023. Slaidi laini, mpini unaojaa mkononi, na toleo moja linachukua magazini ya risasi 15. Wengi wa wanafunzi wangu wenye umri wako huishia kati ya hii na EZ.

Ya tatu, kama ukiujaribu ule ufundi wa kukoki ukaona mkono unakubali, ni Walther PDP F ya 2022. Ni 9mm, imepimwa kwa viganja vidogo na springi yake imelegezwa. Ningefurahi ukiiweza, kwa sababu risasi za 9mm ni bei nafuu kuliko .380, na mwenye risasi za bei nafuu hufanya mazoezi mara nyingi zaidi.

Rivolva sijaitupa. Ya chuma, mtutu wa inchi 4, mfano wa Smith & Wesson Model 10 au Ruger GP100, ikijazwa risasi za .38 za kulengea shabaha zenye uso bapa, ina teke la upole mno. Haina slaidi wala magazini ya kupambana nayo. Tatizo ni traiga. Rivolva isiyotegwa nyundo inadai kidole kimoja kivute kilo 4 hadi 5 na zaidi kwa kila risasi, mbali na safari ndefu ya traiga yenyewe. Kwa vidole vinavyouma hilo ni kubwa. Ijaribu ikiwa tupu mara sita mfululizo. Ukiona mtutu unayumba kwenye mara ya tatu, iache.

Je, .22? Utaambiwa, kwa sababu haina teke la kusema. Taurus TX22 inabeba risasi 16 na hata mtoto wa sekondari anaifurahia. Kwa mazoezi nakupendekezea kabisa, tena anza nayo. Kwa ulinzi ina udhaifu wa asili: baruti ya kuwashia imepakwa ukingoni mwa ganda, si katikati, na risasi za namna hiyo hugoma kulia mara nyingi zaidi. Nisingependa ukutane na mgomo saa nane za usiku. Lakini mama, kama baada ya yote hayo mkono wako unakubali .22 peke yake, basi hiyo ndiyo yako. Risasi ndogo inayofika inapolengwa ina faida kuliko kubwa inayokwenda ukutani huku mpigaji amefumba macho kwa kuogopa teke.

Kufumba macho huko nikueleze, kwa kuwa ndiko kunakonifanya niandike kwa kirefu. Mtu akiumia kwa risasi tano za kwanza, mwili unakumbuka. Ya sita anaifyatua akiwa ameshaanza kuinamisha mtutu, kabla hata haijalia. Naiona kila Jumamosi: karatasi ya shabaha haina tundu katikati, matundu yote yako chini kushoto. Woga huo ukishaingia, kuutoa ni kazi ya miezi. Ndiyo maana usiishike tena ile ya waridi, hata kwa kujaribu.

Kuhusu risasi zenyewe. Mwaka 1986 maafisa wa FBI walipambana na wahalifu wawili huko Miami, wakauawa maafisa wawili, na baada ya hapo FBI wakaweka kipimo: risasi ya ulinzi ipenye sentimita 30 hadi 45 kwenye jeli ya majaribio. Wakahamia kaliba kubwa zaidi, kisha baadaye wakarudi 9mm, sababu mojawapo ikiwa kwamba maafisa wao waliilenga vizuri zaidi. Risasi nzuri za kisasa za 9mm zinafikia kipimo hicho. .380 hukifikia kwa kubahatisha zaidi, kutegemea aina. Kwa nyumbani chukua zenye shimo kwenye ncha, zinazotanuka zikigonga, epuka sanduku lenye alama ya +P, kwa kuwa hizo zimeshindiliwa nguvu zaidi. Kwa 9mm, Hornady wana Critical Defense Lite, ya kichwa chepesi, waliyoipunguzia teke makusudi.

Na mama, unaishi nyumba ya kupanga. Kuta za nyumba hizi si matofali ya Tanga. Ni mbao na ubao wa jasi, na risasi yoyote ninayoitaja hapa, hata .22, inatoboa kuta kadhaa ikiwa imekosa shabaha. Upande wa pili kuna kitanda cha mtoto wa mtu. Kabla hujanunua, zunguka chumba chako mchana, simama pale utakaposimama, utazame ukuta ulio nyuma ya mlango, ujiulize nani analala huko. Panga kitanda na mahali pako pa kusimama upya ikibidi. Mpango wako wa kwanza uwe kufunga mlango wa chumba mkiwa wote watatu ndani, na kupiga 911. Nunua na tochi nzuri ya mkononi. Binti yako akirudi usiku bila kupiga simu, ni mwanga ndio utakaokuambia ni yeye.

Sasa mjukuu. Hapa nitasema kwa uzito, unisamehe. Miaka 6 ni umri wa kupanda kabati na kufungua kila kitu, na mtoto wa umri huo akitumia vidole gumba vyote viwili anaweza kuivuta traiga nyepesi. Zile bastola laini kukoki ambazo nimekusifia, ni laini kwa mtoto pia. Droo ya kitanda, chini ya mto, juu ya kabati, ndani ya mkoba wa kazini: kote huko hapana, hata usiku mmoja. Nunua sefu ndogo ya chuma ya kufungua kwa vitufe au kwa alama ya kidole, ifungwe kwa boliti kitandani au ukutani, na uinunue siku ile ile unaponunua silaha, kabla silaha haijaingia nyumbani. Vidole vyenye baridi yabisi na vilivyokauka kwa dawa za kunawia kazini husumbua vifaa vya alama ya kidole, kwa hiyo kwako napendelea vitufe. Sheria ya Texas nayo iko wazi: ukiacha silaha iliyo tayari kufyatuliwa bila kuilinda ipasavyo, mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia, umetenda kosa; na akiifyatua akamuua au kumjeruhi mtu vibaya, kosa linapanda daraja.

Na kama kuna mtu hapo nyumbani ambaye moyo wake umezama kwenye giza, anayesema amechoka kuishi, silaha isiingie kabisa, au itoke mpaka apone. Ongeza kufuli, taa ya nje, kamera ya mlangoni. Hayo yafanye hata kama bastola utanunua.

Upande wa karatasi, kwa kuwa ni mhamiaji. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua, na umri wa kununua bastola kwa muuzaji mwenye leseni ni miaka 21. Wenye viza za muda, wanafunzi na watalii, kwa kawaida sheria ya shirikisho inawakataza, na hukumu ya kosa la silaha inaweza kumfanya asiye raia arudishwe kwao. Dukani utajaza Fomu 4473, fomu ya shirikisho ya mnunuzi wa silaha. Jaza mwenyewe, kwa ukweli, na usipoelewa swali uliza kabla ya kutia sahihi. Usimtume binti yako anunue kwa jina lake kwa fedha zako. Hilo peke yake ni kosa la jinai. Fomu inauliza pia kuhusu bangi, na inakukumbusha kwamba kwa sheria ya shirikisho ni haramu hata kwenye jimbo lililoihalalisha.

Kabla ya kutoa hata dola moja ya kununua, tafuta uwanja wa shabaha unaokodisha silaha. Houston viko vingi. Nenda siku ya mapumziko, si baada ya zamu, mikono ikiwa imepata joto. Chukua mwalimu kwa saa moja. Vaa vizibo vya masikio ndani na vifuniko juu yake, vyote viwili: nusu ya kile watu wanachokiita teke ni mlio, na ukiuziba mlio utashangaa jinsi mkono unavyotulia. Shika mpini juu kabisa, karibu na slaidi lakini bila kuigusa, kwa kuwa ukishika chini mtutu unapata nafasi ya kuinuka na kukusokota kifundo cha mkono. Vidole gumba vyote viwili vilale upande mmoja, kisivuke hata kimoja nyuma ya slaidi, maana hurudi kwa kasi ikachana ngozi. Kila silaha ihesabu kuwa imejaa, hata uliyoikagua dakika ile.

Anza na .22, risasi ishirini, taratibu. Kisha EZ ya .380, kisha Security-380, na mwisho 9mm kama mkono una hamu. Piga tano tano, pumzika kati. Kila moja uikoki mwenyewe, uijaze magazini mwenyewe, na umwombe mwalimu akae kimya usipokosea usalama. Kifaa cha kujazia magazini, kama UpLULA, ruksa kabisa; hata mimi natumia. Unachotafuta ni silaha ambayo baada ya risasi ishirini bado unataka kupiga ya ishirini na moja, na matundu yote yanaingia kwenye sahani ya chakula ukiwa hatua saba kutoka kwenye shabaha.

Usinunue siku hiyo. Rudi nyumbani, lala. Asubuhi kanda unga wa chapati kama kawaida yako, bila dawa ya maumivu. Ukikanda mpaka mwisho bila kusimama, niandikie jina la silaha uliyoipiga mwisho.